Uzee Hauna Dawa, Wazee Wana Haki

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha Akampa nguvu, kisha Akamrudisha katika udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Suratul Hajj, aya ya 5, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawasemesha watu wenye shaka juu ya kufufuliwa, na anawaelekeza watazame mambo matatu. La kwanza ni asili yao wenyewe: udongo, kisha tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, mpaka mtoto anatolewa tumboni. La pili ni mwisho wao: wapo wanaofishwa mapema, na wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata mtu akawa hajui kitu baada ya kuwa alikijua. La tatu ni ardhi iliyokauka, ambayo maji yakiishukia hutikisika, ikaumuka na kuotesha kila namna ya mmea wa kupendeza.

Msomaji anaweza kuuliza: mimba, uzee na ardhi kavu vimekutanaje katika aya moja? Wanavyuoni wetu wamejibu kwamba vyote vitatu vinaonyesha uwezo wa Yule Yule anayehuisha na kufisha. Sisi leo tunapenda kuitafakari aya hiyo pamoja na jambo linalofanyiwa utafiti mkubwa duniani, nalo ni namna seli za mwili zinavyotumia chakula, na jinsi matumizi hayo yanavyoamua seli ibaki changa, ikomae au izeeke. Tumelichagua kwa sababu linazigusa familia zetu, kwa heri na kwa shari, na kwa sababu mfano wake mmojawapo uko chini ya miguu ya wakulima wa mpunga wa Rufiji na Kibiti.

SAMAKI WA ARDHI KAVU

Anayeijua mbuga ya Rufiji anajua kwamba mvua zikikatika, madimbwi mengi hukauka kabisa, tope jeusi likapasuka nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mguu. Mvua zikirudi, baada ya siku chache dimbwi lile lile lina visamaki vidogo, madume yao yaking'ara kwa wekundu na samawati. Hawakuja na mto, wala hawakushuka na mvua kama wanavyosema baadhi ya watu. Walikuwa humo humo ndani ya udongo mkavu, wakiwa mayai.

Wataalamu wanawaita samaki hawa kwa jina la ukoo la Nothobranchius. Aina moja, Nothobranchius eggersi, ilielezwa kitaalamu na Mjerumani Lothar Seegers mwaka 1982 kutokana na samaki wa eneo hili la Rufiji. Nyingine, Nothobranchius guentheri, ni ya Unguja. Ilielezwa tangu mwaka 1893, na baadaye ikafugwa katika maabara za nchi za mbali ili kuchunguza uzee. Ndugu yao wa kusini, Nothobranchius furzeri, anayeishi Zimbabwe na Msumbiji, ndiye mashuhuri zaidi leo. Kule Msumbiji watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba samaki huyo anaweza kutoka yaini na kufikia kuzaa ndani ya takriban wiki mbili tu. Katika maabara huishi miezi michache, na katika muda huo mfupi huonyesha dalili za uzee tunazozijua kwa wazee wetu: rangi hufifia, mwili hukonda, nguvu hupungua, uvimbe huota. Kwa kuwa maisha yake yote huanza na kwisha ndani ya miezi, mtafiti anaweza kuona mwanzo na mwisho wa umri bila kungoja miongo.

Lakini lililo la ajabu zaidi ni yai. Kijusi kilichomo ndani yake kina ubongo na moyo vilivyoanza kuumbika, na maji yanapokauka husimama. Moyo hupiga polepole mno, matumizi ya chakula hushuka sana, seli huacha kugawanyika. Kinaweza kungoja hivyo kwa miezi, na hata kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitangaza kwamba samaki waliongoja muda mrefu yaini hawakupungukiwa kitu baada ya kutoka. Walikua, walizaa na waliishi sawa na wenzao ambao hawakungoja. Ni kana kwamba siku za kungoja hazikuandikwa katika umri wao.

Msomaji wa Qur'ani atawakumbuka vijana wa pangoni waliolazwa miaka mia tatu na tisa, kisha wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Hatusemi kwamba yai la samaki ni tafsiri ya muujiza ule, kwani muujiza hauhitaji mfano. Tunasema tu kwamba anayeona kijusi kikingoja salama ndani ya udongo uliopasuka hana sababu ya kustaajabu akiambiwa kwamba Mola wake anaweza kuhifadhi na kufufua.

JIKO LA SELI

Sasa tueleze kwa lugha nyepesi siri iliyomo. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, na takriban kila seli ina maandishi yale yale ya urithi. Seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kimoja, ila kila moja imefunguliwa kurasa zake. Zipo seli chache ambazo bado hazijakabidhiwa kazi maalumu, na hizo huitwa seli shina. Seli shina ikigawanyika, huweza kuzaa nyingine mfano wake ikabaki akiba, na huweza kuzaa seli inayokwenda kuwa damu, ngozi au utumbo. Wakanada wawili, James Till na Ernest McCulloch, ndio walioonyesha mwaka 1961, kwa majaribio ya panya, kwamba seli za namna hiyo zimo katika uloto, yaani ute uliomo ndani ya mifupa. Uloto huo hutengeneza kiasi cha seli nyekundu za damu milioni 2 kila sekunde, nasi tumelala hatuna habari.

Kila seli ina jiko lake. Mama wa nyumbani wa pwani anajua moto wa makuti na moto wa magogo. Makuti hushika upesi na kuzimika upesi, na hayahitaji kupepewa sana. Magogo hutoa moto mkubwa na wa kudumu, lakini yanataka hewa, na moshi wake huchafua dari. Seli nayo ina njia mbili. Ya kwanza ni kuivunja sukari haraka bila kuhitaji oksijeni, na faida yake ni ndogo. Ya pili ni kuichoma kwa oksijeni ndani ya vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Hapo nguvu inayopatikana ni nyingi mara kadhaa, lakini hutoka pia cheche na moshi vinavyoweza kuidhuru seli yenyewe.

Seli shina za damu hukaa ndani ya mfupa mahali penye oksijeni chache, zimetulia, zikitegemea zaidi ile njia ya kwanza. Zinapoitwa kazini huwasha mitokondria, na kuwasha huko ni sehemu ya safari ya kukomaa. Kinyume chake pia kimeonekana. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwamba seli ya ngozi ya panya iliyokwisha komaa inaweza kurudishwa kuwa mfano wa seli shina, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon. Watafiti walipochunguza safari hiyo ya kurudi nyuma waliona kwamba jiko nalo hubadilika, seli ikaacha moto wa magogo na kurudia wa makuti.

Tena jiko halitoi nguvu peke yake. Vitu vinavyotokana na chakula ndani ya seli hutumika kutia alama kwenye kile kitabu cha urithi, ukurasa huu ukafunguliwa na ule ukafungwa. Kwa hiyo chakula cha seli kinaingia katika uamuzi wa seli itakuwa nini. Umri ukienda, mitokondria huchakaa, moshi huongezeka, alama huchanganyika, na seli shina nyingine huchoka zikashindwa kujaza pengo. Ndipo kidonda cha mzee kinapochelewa kupona na misuli yake kupungua. Hii si sababu pekee ya uzee, lakini ni miongoni mwa zile zinazochunguzwa kwa bidii.

HERI ILIYOPATIKANA

Elimu hii si ngano. Tangu mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza uloto, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikizia watoto wenye selimundu. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huo, na familia za ukanda wetu huu wa malaria zinaujua kwa machozi yake: mtoto kulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho kuwa ya manjano, damu kupungua. Katika tiba hiyo seli shina za ndugu anayelingana naye huwekwa mwilini mwa mgonjwa, zikaanza kutengeneza damu mpya iliyo salama. Si kila mtoto atapata ndugu anayelingana naye, na tiba yenyewe ni nzito na ya gharama. Hata hivyo imo nchini mwetu, nayo ni neema ya kushukuriwa.

Baadhi ya waumini wameuliza kama jambo hili linaruhusiwa. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lililokutana Makka mwaka 2003 lililichambua. Liliruhusu seli shina zinazochukuliwa kwa mtu mzima au mtoto bila kumdhuru, na zile za kondo la nyuma na damu ya kitovu, kwa ridhaa ya wenyewe. Likakataza kuharibu mimba kwa makusudi ili kuzipata. Kwa hiyo ndugu anayempa ndugu yake uloto, kwa uangalizi wa madaktari, yumo katika kuhuisha nafsi, na Suratul Maida, aya ya 32, inatueleza uzito wa kitendo hicho.

KOSA LA KUITUNDIKA IBADA KWENYE MAABARA

Tukiisha kusema hayo, tunaona wajibu wa kuonya juu ya mambo mawili. La kwanza limo katika ujumbe unaosambazwa kwa simu kila Ramadhani ikikaribia, kwamba eti Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuthibitisha kwamba saumu ya Waislamu ni dawa. Ukweli ni kwamba profesa huyo alituzwa kwa kueleza jinsi seli inavyokula na kutumia upya mabaki yake yenyewe, na kazi yake kubwa aliifanya kwa hamira. Seli ya hamira ikinyimwa chakula hufanya hivyo. Ni elimu tukufu, lakini hakuitafiti saumu ya Ramadhani.

Hatari ya mwenendo huu tunaweza kuionyesha kwa mfano. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitangaza kwamba panya aliyenyimwa chakula kwa saa 24, seli shina za utumbo wake zilianza kuchoma mafuta badala ya sukari, na uwezo wake wa kujitengeneza upya ukaongezeka. Wengi wetu tulishangilia. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa chuo hicho hicho likatangaza kwamba kuchangamka kukubwa zaidi hutokea pale panya anapolishwa tena, na kwamba katika wakati huo, akiwa na kasoro fulani ya urithi, uvimbe wa saratani huweza kuota kwa urahisi zaidi. Je, aliyesema mwaka 2018 kwamba saumu ni haki kwa sababu ya panya, mwaka 2024 aseme nini? Tena panya si mtu, na saa 24 za panya si sawa na saa 24 zetu.

Sisi tunafunga kwa kuwa Mola wetu ametuamrisha, na lengo Amelitaja katika Suratul Baqara, aya ya 183, nalo ni uchamungu. Kama imo afya ndani yake, hiyo ni fadhila juu ya fadhila. Elimu ya watu hupanda na kushuka, hujisahihisha, na huo ndio uzuri wake. Ibada haisimamishwi juu ya kitu kinachojisahihisha kila baada ya miaka sita.

Na anayetaka afya ya saumu aangalie kwanza sinia la futari. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib iliyopokewa na Tirmidhi, alifundisha kwamba anayelazimika kujaza tumbo aligawe: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mwenye kisukari naye asidanganyike kwamba saumu itamponya, akatupa vidonge vyake. Amuone daktari kabla ya mwezi kuandama, maana Mola aliyefaradhisha saumu ndiye aliyemruhusu mgonjwa kula, akailipa siku nyingine, na mzee asiyeweza tena kufunga akatoa fidia ya kulisha maskini.

BIASHARA YA TAMAA YA UJANA

La pili ni zito zaidi, kwa kuwa linakula mali za wazee. Zipo bidhaa, za unga wa paketi na za vidonge, zinazouzwa kwa jina la seli shina. Muuzaji huwaambia watu kwamba zitarudisha ujana, zitaondoa kisukari, shinikizo la damu, ganzi za miguu na upofu. Nyingine husemwa zimetokana na matunda ya Ulaya. Bei yake ni kubwa, na anayenunua hushawishiwa naye aingize wengine watatu chini yake.

Tutumie akili aliyotupa Mwenyezi Mungu. Seli ya tunda haiwezi kuwa seli ya figo ya mtu. Hata seli ya mtu ikimezwa, tumbo huisaga kama linavyosaga samaki na wali. Seli shina za uloto hutiwa katika mshipa wa damu, hospitalini, baada ya vipimo vya ulinganifu na maandalizi ya muda mrefu, chini ya macho ya madaktari na wauguzi. Lau ujana ungekaa ndani ya paketi, maabara zile kubwa zisingekuwa mpaka leo zikihangaika na samaki na panya. Wenyewe wanaokiri kwa uaminifu husema kwamba tangu mwaka 1935, Clive McCay na wenzake walipoona panya waliopunguziwa chakula wakiishi muda mrefu zaidi, swali la mwanadamu bado halijafungwa. Hata kwa nyani, utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2009 ulisema waliopunguziwa chakula waliishi zaidi, na mwingine wa mwaka 2012 haukuona hivyo.

Msiba wake mkubwa ni pale mzee anapoambiwa aache dawa za hospitali ili paketi ifanye kazi. Sukari hupanda kimyakimya, kidonda cha mguu kikaanza, na kutoka kisiwa cha Delta mpaka kufika hospitali ni mashua, kungoja maji, kisha gari. Mikorosho imekwisha uzwa au kuwekwa rehani, na mguu nao unakatwa.

Sheria yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ameeleza kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea. Na katika hadithi ya Muslim amejitenga na anayewadanganya watu. Muuzaji wa namna hiyo asijifiche nyuma ya kilemba wala nyuma ya aya aliyoibandika kwenye karatasi ya matangazo. Kijana wa Kiislamu aliyeingizwa katika biashara hiyo kwa shida ya ajira tunamnasihi kwa upole: riziki inayopatikana kwa kumtoa mgonjwa katika dawa yake haina baraka, na dhima yake ni nzito.

MAANA YA HADITHI YA UZEE

Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wanaweza kujitibu, aliwaambia waja wa Mwenyezi Mungu wajitibu, kwa kuwa Hakuweka ugonjwa ila Ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja. Wakauliza ni upi, akajibu kwamba ni uzee. Hadithi hii ya Usama bin Sharik imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah.

Hadithi hiyo ina milango miwili, na wengi huingia mmoja tu. Mlango wa kwanza ni amri ya kujitibu. Kisukari, shinikizo la damu, mtoto wa jicho, kifua kikuu, maumivu ya mifupa, haya yote ni maradhi, na mzee ana haki ya kutibiwa kama kijana. Yule anayesema "huo ni uzee tu, mwacheni" juu ya bibi asiyeona, ilhali jicho lake linaweza kufanyiwa upasuaji, ameipa hadithi maana isiyo yake. Watafiti wa seli nao wanaweza kuingia mlango huu kwa amani. Wakipata njia ya kuisaidia misuli ya mzee isidhoofu upesi, au kidonda chake kifunge, hawajampinga Mwenyezi Mungu. Wametafuta dawa Aliyoiweka.

Mlango wa pili ni kukubali kikomo. Mwili umepewa muda, na hakuna jiko la seli litakalowashwa milele. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika Sahihi Bukhari, alikuwa akijikinga kwa Mola wake na kurudishwa kwenye umri dhaifu kabisa. Na alipoulizwa ni nani mbora wa watu, alimtaja yule ambaye umri wake umerefuka na matendo yake yakawa mema. Basi urefu wa umri peke yake haukupewa sifa hata siku moja.

HAKI ZA WAZEE WETU

Hapa ndipo penye jambo letu. Dunia inatumia mali nyingi kutafuta namna ya kuchelewesha uzee, nasi tuna wazee waliokwisha kuzeeka, wamekaa barazani. Watoto wengi wa Rufiji waliokuwa wakifa zamani sasa wanaishi. Mwaka 1998 ulianza uandikishaji wa kaya kwa kaya, wa vizazi na vifo, wenye kituo chake Ikwiriri, na mpango wa TEHIP ulipozisaidia Rufiji na Morogoro kupanga bajeti ya afya kwa kufuata takwimu za maradhi, vifo vya watoto vilipungua kwa takriban asilimia 40 katika miaka michache. Mtoto aliyeokolewa wakati ule ni baba au mama leo, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu atakuwa mzee kesho. Wazee watakuwa wengi kuliko tulivyozoea. Je, nyumba zetu zimejiandaa?

Suratul Israi, aya ya 23 na ya 24, zimeweka ihsani kwa wazazi baada tu ya amri ya kumuabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na zikataja kwa jina hali ya uzee, kwamba mtu asiwatolee hata neno dogo la kuchoka nao. Haki hiyo haitekelezwi kwa kutuma fedha za simu mwisho wa mwezi peke yake. Mtoto aliyeko Dar es Salaam ajue mama yake aliyeko Mohoro au Mbwera anakula nini, anaona kiasi gani, dawa zake zimekwisha lini. Badala ya kumnunulia paketi ya ujana kwa fedha nyingi, ampeleke kupimwa sukari na shinikizo la damu. Amnunulie samaki na kunde, amwekee chandarua, amtengenezee choo kisichomwangusha, aketi naye baada ya Isha amsikilize.

Nasi viongozi wa misikiti tuna wajibu. Mara kwa mara, baada ya Swala ya Ijumaa, mganga wa kituo cha afya apewe nafasi azungumze na waumini juu ya kisukari, shinikizo la damu na selimundu. Kabla ya ndoa, vijana washauriwe kupima selimundu, si ili ndoa izuiwe, bali ili wajue. Na muuzaji wa bidhaa za ujana asipewe kipaza sauti cha msikiti hata akiahidi kutununulia mazulia.

Mwisho, watoto wetu wasome. Inatupasa kuuliza kwa nini samaki wa Rufiji na Unguja ajulikane zaidi katika maabara za Ulaya na Marekani kuliko katika madarasa ya sekondari za Kibiti na Utete. Suratul Ankabuut, aya ya 20, inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha kuumba. Ardhi hiyo ni pamoja na dimbwi lililo nyuma ya shamba la mpunga. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa bayolojia wakikutana wakawapeleka watoto kulitazama dimbwi hilo, mmoja akawasomea aya, mwingine akawaeleza yai, watoto watarudi wakiwa na imani na elimu vikiwa kitu kimoja.

Wazee wetu wamesema penye wazee hapaharibiki neno. Basi sisi tusiwe wa kuliharibu neno hilo kwa kuwauzia wazee uongo, au kwa kuwaacha peke yao. Uzee hauna dawa, lakini mzee ana haki, na haki hiyo tutaulizwa siku ambayo hakuna mguu utakaoondoka mahali pake mpaka mtu ahojiwe juu ya umri wake, elimu yake, mali yake na mwili wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) Awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, Awaponye wagonjwa wetu, Awape watafiti wetu ikhlasi na ukweli, na Atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.